Hakimiliki na Deni: Msimbo wa Zamani na Ngano za Kajiado

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaihesabu programu ya tarakilishi miongoni mwa kazi za fasihi. Kauli hiyo aghalabu huachiwa mawakili, ilhali inamhusu mhakiki moja kwa moja.

Mwaka 1978 David Ahl alitoa BASIC Computer Games, mkusanyo wa programu zilizochapishwa mstari kwa mstari ili msomaji azipige mwenyewe kwenye mashine yake. Kuisoma kazi ya aina hiyo ni kuinakili. Mwanafunzi wa Kitengela anayeipiga programu ya enzi hizo ili aelewe utendaji wake hamwibii mtu. Anaitikia mwito wa kitabu. Mambo hubadilika anapoliondoa jina la mtungaji, akaichomeka katika programu ya kuwekea hesabu na kuwauzia wenye maduka mjini humo. Yamkini atajitetea kwamba kitabu ni cha kale na hakuna aliyelalamika. Utetezi huo ni dhaifu. Hakimiliki hudumu maisha ya mtungaji na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake, na kimya cha mwenye mali si idhini. Kweli, sheria hulinda usemi, hailindi wazo. Lakini katika msimbo viwili hivyo hushikamana mno, kwani kupanga orodha ya majina kwa alfabeti hakuna namna mia za kusemwa. Hapo anaweza kusamehewa kufanana kwa mistari. Kulifuta jina hakusameheki.

Je, muda wa sheria ukiisha, deni nalo limekwisha? Kajiado inalijibu swali hili vizuri kuliko msimbo. Mwaka 1905 A. C. Hollis, mtumishi wa serikali ya kikoloni, alichapisha The Masai: Their Language and Folklore, kitabu chenye ngano, methali na vitendawili vya Wamaasai. Kilitoka kati ya mikataba ya 1904 na 1911, iliyowahamisha Wamaasai kutoka Bonde la Ufa, kisha Laikipia, hata wakarundikwa katika hifadhi ya kusini ambayo Kajiado ni sehemu yake. Hollis alifariki mwaka 1961. Kwa hesabu ya Kenya hakimiliki yake ilikoma mwisho wa 2011; Uingereza, inayohesabu miaka 70, inamlinda hadi mwisho wa 2031. Lakini haki iliyokoma ni ya aliyeandika. Waliosimulia hawakuwahi kuwa nayo hata iwaishie.

Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni ilijaribu kuziba pengo hilo: iliitambua jamii kuwa mwenye haki, ikazikabidhi kaunti kazi ya usajili. Ila wajukuu wa wasimulizi hao wametapakaa Kajiado, Narok na ng'ambo ya mpaka, Tanzania. Mchapishaji akipata idhini katika ofisi ya Kajiado, ameipata kwa niaba ya nani?