Msafiri Naye Ni Jirani

Ndugu zangu wa bara wakija Unguja kutembea kwa siku mbili, huniuliza: tulale Mji Mkongwe au Bububu? Wao hupiga hesabu ya bei na nauli. Mimi naliona ni swali la dini. Aya ya 36 ya Suratun-Nisaa inaagiza wema kwa jirani na kwa msafiri pamoja. Basi alalaye ugenini, hata usiku mmoja, ana haki na ana wajibu.

Mji Mkongwe, uliotangazwa Urithi wa Dunia mwaka 2000, unakuweka karibu na Ngome Kongwe na Forodhani. Ila vichochoro ni vyembamba: kicheko cha juu ya paa saa sita usiku humwamsha mtoto wa nyumba ya pili. Na nyumba ikigeuzwa yote kuwa ya wageni, barazani inapungua familia. Ukilala Bububu, utapanda daladala hadi mjini, ubanane na wanafunzi na wenye vikapu.

Ushauri wangu: laleni mjini, katika nyumba ambayo mwenyewe bado anaishi humo. Hapo pesa yenu itambakisha jirani kwake badala ya kumhamisha.