Je, Mwenye Kushauri Ana Deni?

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakiisha kutoka, wazazi huja kwetu na neno moja: "Mtoto huyu asome nini, apate kazi?" Waulizwao hasa ni walimu, makatekista na wazee, maana hudhaniwa ya kuwa mtu aliyezoea vitabu aijua na njia ya mshahara. Nami nimeulizwa mara nyingi, na mara nyingi nimejibu, wala ulimi wangu haukusita. Leo nataka kunena nanyi juu ya jibu moja nililolitoa zamani, na juu ya deni ambalo huenda jibu lile limeniachia.

Mwaka jana nalikuwa nikipita Mchafukoge, katika mitaa ile ya maduka ya jumla hapa Dar es Salaam. (Jina lenyewe lasikika kama mama amwamuruye mtoto aende bafuni, nami sijapata kulitaja pasipo kutabasamu.) Nalitaka kitambaa cha pazia. Katika duka moja kijana aliyekuwa akihesabu majora ya vitenge akainuka upesi, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Nikamwitikia, "Marahaba, mwanangu," lakini sikumtambua, hata alipotaja jina la baba yake ndipo nikakumbuka. Mwaka 2012, alipomaliza kidato cha sita, baba yake alimleta nyumbani kwangu. Kijana mwenyewe alipenda mambo ya hesabu za biashara. Mimi nikasema asome ualimu, Historia na Kiswahili, kwa kuwa alama zake zilikuwa njema huko. Nikamwambia baba yake kwa sauti ya mtu mwenye hakika: "Mwalimu hakosi kazi."

Akaenda, akasoma miaka mitatu, akapata shahada yake mwaka 2015. Tangu siku ile hajasimama mbele ya darasa kwa mshahara wa serikali hata siku moja. Hakunilaumu. Alisema tu, "Siku zinakwenda, Mwalimu," akaniuliza hali ya nyumbani. Laiti angalinilaumu, ningalipata la kujibu.

Nilipotoka dukani nilijitetea moyoni njia nzima, na utetezi wangu haukuwa wa uongo. Tangu mwaka 2004 serikali ilikuwa katika mpango mkubwa wa kuongeza shule za sekondari, zikajengwa shule za kata nchi nzima, na walimu hawakutosha kabisa. Mtakumbuka vijana waliotoka kidato cha sita wakafundishwa muda mfupi mno, wakapelekwa madarasani, watu wakawaita "voda fasta". Mwaka 2005 vikafunguliwa vyuo vishiriki vya elimu vya Chang'ombe na Mkwawa, ili walimu wenye shahada wapatikane kwa wingi. Mwaka huo huo Bodi ya Mikopo ikaanza kazi yake, na waliosoma ualimu wakapewa nafasi ya mbele. Mtu alimaliza chuo, akangoja miezi, akaona jina lake katika orodha limeandikwa pamoja na shule aliyopangiwa. Basi niliposema kwamba mwalimu hakosi kazi, nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu. Ilikuwa kweli ya mwaka ule.

Lakini mwaka 2016 serikali ilisimamisha ajira mpya ili kuwahakiki watumishi na kuwaondoa wale walioitwa watumishi hewa. Mlango ulipofunguliwa tena kidogo, walioitwa kwanza walikuwa walimu wa sayansi na hisabati. Wa Historia na Kiswahili wakabaki nje, na kila mwaka vyuo vikawaongezea wenzao. Hata ilipofika mwaka 2025 tukasikia kwamba nafasi za ualimu zisizofika 15,000 ziliombwa na watu zaidi ya 200,000. Tena hawakupangiwa shule kama zamani, walifanyiwa usaili, na wengine wao walikuwa wamekwisha kusahau harufu ya chaki.

Nikiwaza hayo nilivuka viwanja vya Mnazi Mmoja, nikatokea Mtaa wa Lumumba unakoanzia Kariakoo. Katika mtaa huo, mwezi wa Oktoba 1961, ndiko chuo kikuu cha nchi hii kilikoanzia, katika jengo la TANU, kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964. Kitivo kilikuwa kimoja tu, cha Sheria, na wanafunzi hawakufika ishirini. Hao wachache hawakuhangaika kutafuta kazi, kazi iliwatafuta wao, maana nchi ilikuwa ikingoja uhuru na mawakili Waafrika walihesabika kwa vidole. Wazazi wakaona, wakasema, "Sheria ina mali," na neno hilo likadumu miaka sitini. Walakini mwaka 2022 matokeo ya Shule ya Sheria, ambayo kila atakaye uwakili hana budi kuipitia, yalionyesha kwamba katika wanafunzi 633 waliofaulu mara moja pasipo kurudia walikuwa 26. Sheria haikubadilika tabia yake. Waliobadilika ni idadi ya wanaoisoma, na pengine namna ya kufundishwa kwao, jambo ambalo sitaliingia leo.

Basi mshahara haukai ndani ya somo kama mafuta yakaavyo ndani ya nazi. Watu wa Kariakoo walijua hili kabla ya wasomi. Malori ya nyanya yakichelewa, tenga hupanda bei, mkulima wa mbali akasikia, naye na jirani zake wote wakapanda nyanya, na siku ya kuvuna tenga haliulizwi bei. Nyanya ni zao la miezi michache. Shahada ni zao la miaka mitatu au minne, na mtu huipanda mara moja tu katika ujana wake. Huko Marekani wamepima mishahara ya waliosoma vyuoni, wakaona ya kwamba kwa wastani waliosoma uhandisi hupata kuliko waliosoma ualimu. Lakini waliona pia kwamba katika somo lile lile mmoja hupata maradufu ya mwenzake. Mtoto aliye mbele yako si wastani, ni mtoto wa fulani.

Huenda msomaji akasema, "Kijana yule alikuwa mtu mzima, alichagua mwenyewe, wewe huna hatia." Nimelipima neno hili, nami nalikataa. Alikuwa na miaka ishirini hivi, wala hakuwa na mtu mwingine wa kumwuliza. Uchaguzi wake ulikuwa kati ya neno langu na giza. Mwingine atasema, "Hakuna mwanadamu ajuaye ya kesho, nawe hukuyajua." Hili nalikubali, lakini silo shtaka. Sishtakiwi kwa kutojua. Nashtakiwa kwa sauti niliyoitumia. Nilimpa ahadi nikaiita shauri. Shauri humwachia mtu nafasi ya kuuliza na kutafuta kwingine, lakini ahadi humfungia njia nyingine zote, naye huenda kwa amani. Mimi niliahidi kwa mali isiyo yangu, maana miaka ile mitatu ilikuwa yake.

Wala siyo miaka peke yake. Alisoma kwa mkopo, na mkopo wamngoja. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka amalize. Asiyeajiriwa naye hajasamehewa. Tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikiongezwa juu ya deni kila mwaka iliondolewa mwaka 2021, na wengi walishukuru. Hata hivyo tazameni jinsi mambo yalivyogawanyika: Bodi yamdai yeye, na mimi niliyemwelekeza njia hanidai mtu.

Zamani swali hili liliulizwa kwa upande wa pili. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana hapa mjini wakipinga masharti ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, kwa kuwa sehemu ya mshahara wao ingekatwa. Mwalimu Nyerere akakasirika, akawarudisha makwao zaidi ya mia tatu, na siku hiyo hiyo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: wakulima wamewasomesha, basi msomi ana deni kwao. Sisi wazee tumelipenda sana neno hili, tumelihubiri kwa vijana kila tulipopata nafasi. Lakini ikiwa msomi ana deni kwa waliomsomesha, je, waliomwambia asome nini, wakampeleka, wakamwacha mlangoni, hawana deni lo lote kwake? Mizani ile ile iliyompima yeye na itupime na sisi. Tena nakumbuka kwamba Mwalimu, alipowadai, alianza kwa kujikata mwenyewe.

Siku hizi wazee wenzangu wameacha kusema ualimu. Sasa wanasema sayansi, wanasema ufundi. Kutoka Mchafukoge si mbali kufika Taasisi ya Teknolojia, pembeni mwa Barabara ya Morogoro, wala Chuo cha Elimu ya Biashara katika Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na sababu zao si mbaya. Serikali nayo inavuta huko: tangu mwaka wa masomo 2022/23 wanaofaulu sana sayansi katika kidato cha sita hupewa ufadhili wa masomo, na mwaka 2024 ilitangazwa kwamba tahasusi za kidato cha tano zitakuwa 65. Sina ugomvi na hayo. Linaloniogopesha ni kusikia sauti ile ile yangu ya mwaka 2012 kinywani mwa mwenzangu: "Mtu wa sayansi hakosi kazi." Mwezi wa Juni 2014 vijana zaidi ya 10,000 walikalishwa katika Uwanja wa Taifa kwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Wale wote nao walikuwa wameambiwa jambo na mtu fulani wanayemheshimu.

Baada ya siku chache nilirudi dukani, kwa sababu kitambaa nilikuwa sijakinunua. Kijana akanipimia. Nilitaka kumwambia kwamba elimu haipotei, kwamba hata hesabu za duka zamtaka mtu aliyesoma. Nikanyamaza. Neno hilo ni jepesi kwa mtu mwenye pensheni.

Yeye ndiye aliyeanza. Akasema, "Mwalimu, mdogo wangu wa kike amemaliza kidato cha nne, amefaulu. Asome nini?"

Nilishangaa kwamba aniuliza tena mimi. Nikamwambia niliyoyajua juu ya masomo mawili matatu, na kila nililolisema nikataja na mwaka nilipolijua, maana mengine ni ya zamani. Nikamwambia binti awatafute watu watatu waliomaliza somo analolitaka katika miaka miwili hii, awaulize wako wapi na wanakula nini, asiridhike na yule mmoja aliyefanikiwa. Nikamwambia amwulize pia ni kazi gani angeifanya hata kama mshahara wake ungechelewa. Mwisho nikasema, "Zaidi ya hapo, mwanangu, sijui. Lakini mlete nyumbani, tutafute pamoja, nami nitakwenda naye hata huko chuoni kuuliza."

Akacheka kidogo, mkasi mkononi. "Mwaka ule hukusema hivyo, Mwalimu."

"Sikusema," nikajibu.

Akakata kitambaa, akakikunja vizuri, akanitajia bei. Nikalipa, wala sikuomba anipunguzie.