Ukingo wa Dari

Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Kwa nini mwenye nyumba aliagizwa kujenga ukingo kabla mtu yeyote hajaanguka?

Paa la nyumba ya Mwisraeli, ambalo Biblia huliita dari, lilikuwa tambarare, na watu walipanda kukaa huko. Aliyejenga bila ukingo hakumsukuma mtu. Hata hivyo, mtu akianguka, damu yake ilikuwa juu ya nyumba ile. Basi upendo kwa jirani hauanzi anapoumia. Huanza akiwa bado mzima.

Wilayani Ilala agizo hili lina sura yake. Kutoka Soko la Kariakoo hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road hazifiki kilomita 5. Wanawake wengi hutibiwa hapo saratani ya mlango wa kizazi, na wengi wao hufika ugonjwa ukiwa umeshaenea. Lakini saratani hii huchukua miaka mingi kukua, tena hutanguliwa na dalili ambazo mhudumu aweza kuziona. Hupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi. Penye mabadiliko hugeuka peupe, na mara nyingi hutibiwa siku hiyo hiyo. Tangu 2018 wasichana nchini wamekuwa wakichanjwa dhidi ya virusi vya HPV viletavyo saratani hii, ikianzwa na wenye miaka 14. Ukingo upo.

Kwa nini basi watu bado wanaanguka? Mama lishe wa Kariakoo hasikii maumivu. Akishinda kwenye foleni, siku hiyo hakuna mauzo, na mtaji wa kesho umeliwa. Si mzembe, anapima hasara ya leo na hatari asiyoiona. Zahanati inayosubiri wagonjwa haitamwona mpaka augue. Ile inayompa nafasi ya kupimwa siku aliyomleta mtoto kwenye chanjo imemfikia bila kumpotezea siku nyingine.

Soma Luka 17:11-19. Kati ya wakoma 10 waliotakaswa, mmoja alirudi kushukuru. Aliyekingwa harudi kabisa, kwa kuwa hajui ameepushwa na nini. Ndiyo maana michango huenda upesi kwenye kitanda cha mgonjwa. Hilo si kosa, kwani mgonjwa hawezi kungoja. Lakini upendo unaosubiri kwanza kuona machozi utachelewa daima.

Jirani naye ana sehemu yake. Anayemwangalizia mwenzake masufuria kwa saa 2 ili akapimwe amejenga ukingo, ingawa hakuna atakayemshukuru kwa anguko ambalo halikutokea.

Maswali ya Kujadili:

1. Fedha za kanisa zikitosha ama kumtibu mgonjwa mmoja mnayemjua, ama kuwapima wengi msiowajua, mngechagua lipi? Kwa nini?

2. Ni kazi gani za majirani zenu zinazowazuia kwenda kupimwa? Darasa lenu laweza kufanya nini juma hili?