Mtoto Mkubwa Kwenye Kigari: Tusimcheke, Tusimzoeze

Kila Desemba, shule zikishafungwa, barabara ya kutoka Katito kuja Kendu Bay hujaa magari ya watu wanaorudi nyumbani. Wapo wa Nairobi na Mombasa, na wapo wa mbali zaidi, Marekani, Uingereza, Doha na Muscat. Wakishapumzika siku mbili tatu huanza kuwaonyesha watoto kwao: gati la zamani lililokuwa likipokea meli za kutoka Kisumu, milima ya Homa, na zaidi ya yote ziwa Simbi Nyaima. Siku hizi, mizigo ikiteremshwa kwenye buti, hutoka pia kigari cha mtoto. Akiketishwa humo mtoto wa mwaka mmoja, hakuna anayegeuza shingo. Akiketishwa wa miaka sita au saba, maneno huanza.

Maneno hayo nimeyasikia ukingoni mwa Simbi. Mama mkwe alimwambia mke wa mwanawe mbele ya watu, "Nyar Alego, mtoto ameshang'oka meno ya mbele na bado unamsukuma?" Mkaza mwana akainamisha macho, akajibu, "Ndiyo, mama," akaendelea kusukuma. Magurudumu yale madogo ya plastiki yalitengenezewa sakafu laini, si mawe ya Simbi. Yalikwama kila baada ya hatua chache, mpaka baba mdogo wa mtoto akakiinua kigari chote, mtoto akiwa ndani, akavuka nacho. Watoto wengine wa boma wakacheka. Aliyekuwa ndani akaivuta kofia yake ikamfunika uso.

Swali lipo kwenye familia nyingi, hata zisizo na kigari. Je, mtoto aliyeshaanza shule asukumwe au abebwe safarini? Nasaha yangu ina pande mbili, na ukichukua upande mmoja ukaacha wa pili utamdhulumu mtoto. Anayehitaji kubebwa abebwe, na asionewe haya. Anayeweza kutembea aachwe atembee, na mwendo wa safari upangwe kwa kumfuata yeye.

Nianze na sisi watazamaji, kwa kuwa ulimi wetu ndio unaotangulia. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Huku kwetu kandokando ya Ziwa Viktoria, selimundu si ugonjwa wa kusikia redioni. Upo kwenye maboma yetu. Chembe nyekundu za damu ya mtoto hupinda, hukwama kwenye mishipa myembamba, na mifupa ikaanza kuuma kwa maumivu ambayo yangemliza hata mtu mzima. Mambo yanayoweza kuyachochea ni pamoja na kukosa maji mwilini, baridi, na kujichosha kupita kiasi. Mtoto huyo utamwona asubuhi akikimbizana na wenzake kama hana tatizo lolote, na saa saba mchana hawezi kusimama. Ukimtazama hutaona alama yoyote. Mama anayemketisha kabla hajachoka anafanya alichoshauriwa kliniki, nawe unayemwita mvivu unamfundisha mtoto kuficha maumivu mpaka yamzidi.

Wapo na wengine. Yupo mwenye pumu, yupo mwenye moyo usio na nguvu, yupo mwenye mtindio wa ubongo ambaye miguu haimtii. Yupo mwenye usonji ambaye kelele na umati humvuruga, na kiti chake cha magurudumu au kigari ndicho mahali pake pa utulivu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inampa kila mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kuitwa kwa majina yasiyomdhalilisha. Haki hiyo haingoji mahakama. Huanzia kwenye kicheko tunachokizuia njiani. Na tukumbuke: hujafa hujaumbika.

Ajabu ni kwamba maneno haya tunayasema Simbi, mahali ambapo habari yake yote ni onyo juu ya kumdharau aliyechoka. Wazee wa Karachuonyo wanasimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji, na usiku mmoja watu wakiwa kwenye sherehe alifika bikizee amechoka na njia, mvua ikinyesha, akaomba hifadhi akafukuzwa. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemwonea huruma. Huyo alionywa aondoke, na waliobaki wakafunikwa na maji. Wanajiolojia wanasema ziwa lile ni shimo la volkano. Lakini masimulizi hayakutunzwa ili kushindana na jiolojia. Yalitunzwa ili kila anayesimama pale akumbuke namna ya kumpokea mtu aliyeishiwa nguvu. Ukimsimulia mjukuu kisa hicho huku unamcheka kwa kuchoka, umemsimulia bure.

Basi shangazi, nyanya, mama mkwe, ukimwona mtoto mkubwa amesukumwa na moyo ukakusukuma useme, mwite mzazi pembeni. Muulize, "Mjukuu wangu ana nini? Nikusaidie vipi?" Na wewe mkaza mwana, kama mtoto ana ugonjwa, usiwaache wakwe wakikisia. Waambie kabla ya safari. Najua kwa nini wengi hunyamaza: huogopa lawama kwamba ugonjwa umeletwa na mama kutoka kwao. Jambo hilo lisemwe wazi kwenye kila boma. Selimundu hurithiwa kutoka kwa baba na mama wote wawili. Hakuna mwanamke aliyeileta peke yake.

Sasa nigeuke kwa mzazi ambaye mtoto wake ni mzima. Kwako nasaha ni nyingine, nayo ni kali kidogo. Mtoto wa miaka sita mwenye afya akisukumwa kutwa nzima kwa sababu tu ni rahisi kumsukuma kuliko kumsubiri, umemnyima kitu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto wa chini ya miaka mitano: wasifungwe mahali pamoja zaidi ya saa moja kwa mara moja, iwe kwenye kigari au mgongoni mwa mlezi. Wa miaka mitatu na minne wapate angalau dakika 180 za kujishughulisha na mwili kila siku. Wa miaka mitano hadi kumi na saba nao wanahitaji wastani wa angalau dakika 60 kwa siku za shughuli za kuwatoa jasho. Ikiwa mtoto mchanga hapaswi kufungwa muda mrefu, itakuwaje kwa aliyeota meno mapya?

Zaidi ya mwili, kuna kujua. Kuzunguka Simbi kwa miguu ni mwendo wa kama kilomita mbili. Anayetembea ataokota jiwe jeusi alipime uzito, ataona maji ya kijani yasiyofanana na ya Ziwa kubwa, atauliza kwa nini heroe wanainamisha vichwa hivyo wakila. Atajikwaa, atainuka. Akirudi nyumbani atasema nilifika, na atakuwa amefika kweli. Aliyesukumwa huku ameinamia simu atasema nilipelekwa.

Wala tusidhani kwamba hili ni la wageni wenye vigari peke yao. Sisi wenyeji kigari chetu ni bodaboda. Wapo watoto wa miaka kumi, wazima, wasiotembea hata kutoka stendi mpaka sokoni. Na ubaya wa bodaboda ni zaidi ya uvivu: watoto watatu wanapakiwa mshikaki, wa mbele amekalia tangi, ilhali sheria ya trafiki inaruhusu abiria mmoja tu. Mzazi anayemlaumu mgeni kwa kigari huku wanawe wanapakiwa hivyo kila asubuhi, ana kazi ya kufanya kwake kwanza.

Na kuna ubebaji mwingine ambao hatuuoni kwa sababu tumeuzoea mno. Familia inatoka matembezi, mama na shangazi wametangulia wakiongea, na nyuma yao anakuja msichana wa miaka tisa au kumi amembeba mdogo wake wa miaka minne mgongoni. Leso imeteleza, anaipandisha kwa kiwiko, anaharakisha asiachwe. Hakuna anayesema mtoto mkubwa amebebwa, kwa sababu aliyebeba ni mtoto. Naye pia yuko likizo. Alitaka kuona heroe. Kusaidia nyumbani ni malezi mema, lakini kumgeuza binti kuwa punda wa safari ili watu wazima watembee mikono mitupu ni kumwonea. Mdogo akichoka, zamu ya kwanza ya kumbeba ni ya baba.

Kisa cha wenzetu walioko ughaibuni kinatusaidia kuona mzizi wa jambo. Huko Florida, kwenye viwanja vya burudani vya Disney, watoto wakubwa kwenye vigari ni jambo la kila siku, na vigari hukodishwa humo humo. Tangu Mei 1, 2019, viwanja hivyo vimekataza vigari vyenye upana wa zaidi ya sentimita 79 hivi au urefu wa zaidi ya sentimita 132. Walichopima ni kigari. Umri wa aliyemo waliuacha kwa mzazi. Na mzazi aliyelipa tiketi ghali, akaambiwa vivutio vyote havimaliziki kwa siku moja, hutaka kuvimaliza. Mtoto akilegea saa nane mchana, kigari humwezesha mzazi kuendelea mpaka usiku. Swali la haki hapo si kama mtoto ni mkubwa mno kukaa kwenye kigari. Ni kama siku ile haikuwa ndefu mno kwa mtoto yeyote. Hata kwetu, familia inayotaka kumaliza Simbi, Homa na Kisumu kwa siku moja imekwisha kuamua kwamba mtoto atabebwa kama mzigo, awe na kigari au asiwe nacho.

Dini zetu mbili zinazokaa pamoja hapa Kendu Bay zimelisema hili muda mrefu. Waislamu wanajua kwamba Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alisali akiwa amembeba mjukuu wake Umama: akisujudu humweka chini, akisimama humnyanyua tena. Kubeba hakukumwondolea heshima hata katika ibada, na kuweka chini kulikuwa sehemu ya kubeba. Wakristo wa Gendia, ambako Waadventista walianzisha misheni yao ya kwanza Kenya mwaka 1906, wanasoma katika kitabu cha Mwanzo kwamba Esau alimtaka Yakobo wafuatane. Yakobo alimwomba atangulie, kwa kuwa watoto wake walikuwa bado wachanga wa nguvu, naye angekwenda polepole kwa kadiri ya mwendo wao na wa mifugo. Mwenye mali na watumishi wote wale alikubali kuachwa nyuma kwa ajili ya watoto.

Kwa hiyo nasaha yangu ya vitendo ni hii. Ondokeni mapema, saa moja asubuhi, jua halijakolea. Bebeni maji ya kunywa kutoka nyumbani, kwa sababu ya Simbi ni ya magadi, na mtoto mwenye selimundu anywe kabla hajaona kiu. Chagueni sehemu moja kwa siku. Pumzikeni kivulini kabla mtoto hajaanza kulia. Mkiwa na kigari, anzeni safari kikiwa kitupu au kimebeba chakula, mtoto atembee kwenda, na kurudi akikihitaji akipate. Mwambie tangu nyumbani, "Utatembea, na ukichoka niambie." Akisema amechoka, mwamini. Ukimwambia anadanganya mara mbili, mara ya tatu hatakuambia, na huenda siku hiyo ndiyo ana homa ya malaria.

Usimlazimishe kutembea ili kumpendeza nyanya, wala usimketishe ili kumwonyesha jirani kwamba umetoka ng'ambo. Miguu ile ni yake. Ukiona anajifunika uso kwa aibu, mteremshe umuulize, na kama ni lazima akae, mwambie sababu ili awe na neno la kuwajibu wenzake. Nao wenzake wafundishwe. Mtoto wa boma aliyecheka aitwe, aelezwe kwa upole, kisha apewe zamu ya kusukuma. Nimeona watoto wakiacha kucheka mara tu wakipewa kazi ya kusaidia.

Mkikaa kupanga matembezi ya likizo hii, msianze kwa kuuliza tutaona nini. Anzeni kwa kuuliza nani kati yetu atachoka kwanza, awe kitinda mimba, awe babu mwenye magoti mabovu, kisha siku yote ipangwe kwa kumfuata huyo. Anayeweza kutembea atembee, anayechoka apumzishwe, na asiyeweza abebwe bila mzazi wake kudaiwa maelezo na wapita njia.