Mrunda Ukishaondolewa

Kati ya Utende na Juani kipo kisiwa kidogo cha Chole, ambako Wajerumani waliweka makao ya utawala wa Mafia mpaka walipoyahamishia Kilindoni mwaka 1913. Katika magofu yake, boriti za mikoko zilizobeba dari za mawe na chokaa zimeoza na kuangusha vyote zilivyobeba. Kuta zilizosalia zimekumbatiwa na mizizi ya miti ya jamii ya mkuyu, hata mtu asijue kama mti unaubomoa ukuta au unaushikilia. Yote mawili ni kweli: mzizi uliopasua jiwe ndio huo huo unaolizuia lisianguke. Kuta hizo zinazusha swali ambalo watu wa dini na wa falsafa wamelizungusha kwa karne nyingi. Je, kuegemea ni udhaifu?

Jibu langu nalichukua kwenye jengo la aina nyingine, jamvi la ghorofa linalomwagwa juu ya mabati ya chuma yenye mikunjo. Bati hilo ni kama mjukuu wa boriti, kwa kuwa hupokea zege bichi na halitolewi tena. Ila boriti ilibeba peke yake maisha yake yote, ilhali bati lina vinundu vinavyong'ang'ania zege, na zege likikomaa viwili hivyo hubeba pamoja. Tatizo ni siku za mwanzo. Zege bichi ni mzigo mtupu, karibu kilo 2,400 kwa kila mita ya ujazo, na halisaidii chochote. Bati likibonyea, zege hujaa bondeni, uzito huongezeka, nalo huzidi kubonyea. Ndiyo maana, nafasi kati ya mihimili ikiwa pana, mafundi huegemeza mirunda chini yake mpaka zege lipate nguvu ya kutosha. Bati lisipoegemezwa, uzito wa zege hulilemea peke yake na kubaki hapo daima, maana zege limekomaa bila kushiriki. Likiegemezwa, mrunda hupokea sehemu ya uzito huo. Ukitolewa, sehemu hiyo huvikuta bati na zege vimekwisha kuungana. Mrunda umekwenda zake, lakini mgawanyo wa mzigo ndani ya jamvi ni kazi yake bado.

Atakayepinga kwanza ni mpenzi wa kujitegemea, neno ambalo Azimio la Arusha la 1967 lilitufundisha kulienzi. Chukua bati nene zaidi, atasema, mirunda haitahitajika. Ni kweli, na wajenzi wengi hufanya hivyo, kwani mirunda hula muda na kuziba ghorofa ya chini. Lakini tuhesabu gharama: chuma zaidi, na bati linaloubeba uzito ule bila mwenziwe. Pingamizi zito zaidi ni la mwenye tawakuli, anayesema kwamba moyo ulioegemea sababu umemsahau Msababishaji. Imamu Ghazali, aliyefariki 1111, alikana kwamba moto huchoma pamba kwa nguvu yake wenyewe. Hata hivyo, aliyekuwa na chakula mbele yake asinyooshe mkono hakumhesabu kuwa mwenye tawakuli. Alimwona mwenda wazimu. Mrunda hauna haja ya kuwa chanzo cha nguvu ili uwe na kazi.

Kumbe basi tusiulize egemeo litakaa muda gani. Tuulize kama kinachoegemezwa kinakomaa wakati huo. Kwa kipimo hicho ukuta wa Chole hauna hoja. Miaka yote ile haukupata nguvu mpya, na mti ukitoka, ukuta nao utaanguka. Hapa nakiri kwamba kipimo changu kina mpaka. Mzee anayeshikwa mkono kwenda msikitini hakomai kama zege, wala hakuna siku ya kumwondolea mrunda. Anashikwa kwa sababu ni mzee, na yule anayemshika hana haja ya kusubiri matokeo mengine.