Kila Anayesambaza Habari ni Mpokezi



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, masahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu zangu wanafunzi, kuna jambo tunalolifanya kwa siku mara nyingi kuliko idadi ya swala zetu, nalo ni kubonyeza kitufe cha kutuma. Habari inaingia kwenye simu, tunaisoma nusu, tunaipeleka kwenye makundi matatu, kisha tunaendelea na masomo. Tukiulizwa, jibu liko tayari: “Mimi sikuandika. Nimetumiwa, nami nikatuma.” Mawaidha haya yanahusu jibu hilo. Katika dini yetu halimwokoi mtu, na sisi tunaosoma ndio wa kwanza kupaswa kulijua hilo.

Anayesoma elimu ya Hadithi anajua kwamba mtu anayepokea maneno na kuyafikisha kwa mwingine anaitwa mpokezi. Wanazuoni hawakumuuliza mpokezi kama maneno ni yake. Walijua si yake. Walimuuliza: Umeyasikia kwa nani? Mlikutana? Huyo naye ni mkweli? Hifadhi yake ikoje? Aliyekuwa akizoa kila anachosikia na kukimwaga kwa watu waliandika jina lake pamoja na wapokezi dhaifu, hata kama alikuwa mchamungu mwenye kusimama usiku. Imamu Muslim, katika utangulizi wa Sahihi yake, amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa inamtosha mtu kuhesabiwa mwongo akiwa anasimulia kila anachokisikia. Angalieni vizuri: hapa hakutajwa mtungaji wa uwongo. Ametajwa msimuliaji, yaani mimi na wewe wenye simu mkononi.

Jabir bin Abdillah (R.A.) alipata habari kwamba yuko sahaba mwenzake huko Sham mwenye Hadithi moja ambayo yeye hakuisikia kwa Mtume mwenyewe. Akanunua ngamia, akasafiri mwendo wa mwezi mzima mpaka kwa Abdullah bin Unays, ili aisikie kwa aliyeisikia. Mwezi mzima njiani kwa ajili ya Hadithi moja. Sisi kuhakikisha habari kunatugharimu dakika mbili na bando kidogo, na bado tunaona uvivu.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, palikuwa jela ya wafungwa wa kisiasa zama za Rais Kamuzu Banda, na mwaka 1994 pakafanywa kambi ya wakimbizi. Palipangwa kwa ajili ya watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili kinatuunganisha sokoni, msikitini na kwenye foleni ya maji. Lilongwe iko umbali wa kilomita arobaini na kitu. Ofisi kubwa ziko huko, hospitali kubwa ziko huko, na nauli si ya kila mtu. Kinachosafiri kwa wepesi kati ya mji na kambi ni habari.

Kwa hiyo simu kwetu ni neema kubwa. Tangu mwaka 2010 wako wenzetu waliosoma masomo ya chuo kikuu kwa intaneti wakiwa humo humo kambini, kupitia mpango ulioletwa na Wajesuiti. Remy Gakwaya, mkimbizi kutoka Burundi, alianzisha mahali ambapo vijana wa kambi wamefundishwa kutengeneza programu za kompyuta. Hayo ni matunda ya teknolojia ambayo hakuna mwenye akili atakayeyakataa. Lakini Suratut Takaathur inatukumbusha kwamba Siku hiyo tutaulizwa juu ya neema, na hii nayo imo.

Madhara yake hatuhitaji kuyatafuta mbali. Mwaka 2017 uvumi wa wanyonya damu, ambao Wamalawi huwaita anamapopa, ulienea kusini mwa nchi hii. Makundi ya watu wenye hasira yaliua watu kadhaa, serikali ikaweka amri ya kutotoka nje usiku, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake Mulanje na Phalombe. Wengi waliobeba maneno yale hawakushika jiwe. Walisimulia tu walichosikia. Tena tarehe 19 Mei 2021, hapo Lilongwe katika Hospitali Kuu ya Kamuzu, dozi 19,610 za chanjo ya korona zilichomwa moto kwa sababu muda wake ulikwisha kabla hazijatumika. Ni kweli zilifika zikiwa zimebakiwa na siku chache. Lakini ni kweli pia kwamba watu wengi walikuwa wakiogopa kuchanjwa kwa sababu ya mambo waliyoyasikia yakizunguka.

Katika Suratun Nisaa, Aya ya 83, Mwenyezi Mungu anawalaumu watu ambao likiwafikia jambo la amani au la hofu hulitangaza papo hapo, ilhali lau wangelirudisha kwa Mtume na kwa wenye madaraka miongoni mwao, wenye uwezo wa kulichunguza wangelijua ukweli wake. Katika Sahihi Muslim imepokewa kisa kinachofungamana na Aya hii. Umar bin Khattab (R.A.) aliingia msikitini akawakuta watu wamejaa huzuni, wakisema Mtume amewaacha wake zake. Walikuwa masahaba, na walikuwa msikitini. Umar hakuongeza neno lake juu ya lao. Aliomba ruhusa, akaingia kwa Mtume, akamuuliza yeye mwenyewe. Akajibiwa kuwa hakuwaacha. Kisha akarudi, akasimama kwenye mlango wa msikiti, akatangaza kwa sauti kubwa kwamba habari ile si kweli.

Ndani ya kisa hiki mna mambo matatu. Umar alirudi kwenye chanzo. Hakutosheka na wingi wa wasemaji wala utukufu wa mahali. Na alipoujua ukweli hakukaa nao nyumbani. Aliupeleka pale pale uwongo ulipokuwa umeenea.

Sasa turudi kambini. Mwaka 2023 serikali iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara nje ya kambi warudi Dzaleka, na mwezi wa Mei polisi wakaanza kuwakusanya Lilongwe kwa nguvu. Siku kama zile ndizo za habari ya hofu inayotajwa katika Aya. Mama aliyefunga mizigo usiku na watoto wamelala juu yake anataka kujua neno moja tu: ni kweli au si kweli? Ukimtumia ujumbe wa mwezi uliopita kana kwamba ni wa leo, unaweza kumfanya akimbie penye usalama, au abaki penye hatari. Kosa lako lilikuwa la sekunde moja, lake ni la maisha.

Habari ya amani nayo ina mtego wake. Inakuja orodha ya majina ya watu watakaopelekwa nchi ya tatu, na chini yake namba ya kutumia pesa. Ijulikane kwa kila mtu kwamba huduma za UNHCR hazilipiwi hata tambala moja. Anayesambaza orodha ya namna hiyo, hata kwa nia ya kuwapa watu matumaini, amemshikia tapeli mlango.

Huenda msomaji akasema: basi afadhali ninyamaze nisitume chochote. La, ndugu yangu. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tufikishe kutoka kwake hata kama ni Aya moja, na amemuonya vikali anayeulizwa elimu anayoijua kisha akaificha. Agizo la kufikisha na agizo la kuhakikisha yametoka kwa Mtume mmoja. Msomi wa Lilongwe anayejua dalili za kipindupindu, utaratibu wa kuomba ufadhili wa masomo, au hukumu ya swala ya safari, naye hawaandikii watu wake kwa Kiswahili wanachokielewa, ameacha uwanja wazi kwa wavumi. Uvumi hustawi pale wajuzi waliponyamaza.

Kwa hiyo kabla ya kutuma, tujiulize maswali manne:

1. Nimeipata kwa nani, na yeye kaipata wapi? Anayeandika “imetumwa kama ilivyopokelewa” amekiri mwenyewe kwamba isnadi yake imekatika.

2. Ni ya lini? Habari ya kweli isiyo na tarehe huweza kudhuru kama ya uwongo.

3. Ikiwa ni Hadithi, imo katika kitabu gani, na wanazuoni wamesemaje juu yake? Kumzulia Mtume si sawa na kumzulia mtu mwingine yeyote. Ahadi yake ni makazi ya Motoni.

4. Nikiisoma mbele ya anayetajwa ndani yake, je, nitaona haya? Kama ni aibu ya Muislamu, isitiri, hata ikiwa kweli.

Na aliyekwisha kutuma jambo lisilo kweli, mlango wa toba uko wazi. Ila Suratul Baqara, Aya ya 160, katika kuwataja walioficha elimu kisha wakatubu, imeweka sharti: watengeneze na wabainishe. Basi kufuta ujumbe kimyakimya hakutoshi. Rudi kwenye makundi yale yale matatu, useme kwa jina lako kwamba habari ile haikuwa sahihi, na sahihi ni hii. Huo ndio mlango wa msikiti aliousimamia Umar.

Ndugu zangu, mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu, na mojawapo ni elimu yenye kunufaisha. Maandishi mafupi uliyoyahakiki, yakasomwa na mtu usiyemjua chini ya bati la Dzaleka, huenda yakakufuata kaburini kwa kheri. Na uwongo uliousambaza, ukaendelea kuzunguka baada yako, nao una hesabu yake. Kila mmoja achague anataka kuacha nini nyuma.

Ewe Mwenyezi Mungu, tunakuomba elimu yenye manufaa, ulimi mkweli na mikono isiyotumwa kwa batili. Wasitiri ndugu zetu walioko ugenini, wape amani baada ya hofu, na utujaalie tuwe sababu ya utulivu wao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.