Satini ya Rangi, Satini ya Kukodi

Kisanamu chenyewe hakizidi kidole changu cha kati: mwanamke wa Ulaya ya zamani, gauni refu la satini. Rafiki aliyechoka na uchoraji huu alinipa, pamoja na brashi tatu. Nikajiambia, kazi rahisi. Satini inang'aa, si ndiyo? Nikapaka samawati, nikamaliza na vanishi ya kung'aa. Wapi! Mama wa watu akaonekana kama amenyeshewa akiwa amejifunga karatasi ya nailoni.

Nilidhani mng'ao ni kitu unachopaka juu. Kumbe vanishi huakisi tu balbu ya chumba changu: kinukta kimoja cheupe, ukigeuza mkono kinahama. Kwa udogo ule, mwanga wenyewe lazima uchorwe, na huchorwa kwa rangi isiyong'aa hata kidogo. Giza zito ndani ya mkunjo, kisha ghafla mstari mwembamba, karibu mweupe, mgongoni mwa mkunjo. Pamba hutoka kivulini polepole, satini huruka. Ukiogopa giza, mng'ao hupati.

Bingwa wa satini alikuwa Mholanzi Gerard ter Borch. Katika mchoro wake wa mwaka 1654 hivi, ulioko Rijksmuseum, Amsterdam, mwanamke ametupa mgongo. Uso hatuuoni, gauni la fedha tunaliona mpaka unatamani kulishika. Kwa muda mrefu watu walisema ni baba anamwonya bintiye. Siku hizi wengi wanaona ni kutongozana, pengine hata biashara ya mwili. Gauni ni lile lile. Limetuambia kila kitu kuhusu kitambaa, na karibu hakuna kitu kuhusu aliyekivaa.

Hapo ndipo nilipokumbuka joho langu.

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Karo, halafu aibu, halafu uvivu. Mpangilio unategemea nani anauliza. Mama hakuuliza. Alitaka picha tu. Nikaingia studio moja mjini, nikakodi joho, kofia na karatasi iliyoviringishwa na kufungwa utepe. Dakika kumi, kwisha.

Sasa linganisha. Gauni la kisanamu si kitambaa, na kila kivuli chake nimekibuni mimi. Joho langu lilikuwa na satini halisi, chini ya mwanga halisi. Kamera haikuongeza kitu. Lakini kisanamu hakimwibii mtu chochote, na picha yangu inamdanganya mama kila asubuhi anapopangusa vumbi kwenye kioo chake.

Jibu la haraka ni kwamba anayetazama kisanamu anajua ni rangi, ilhali mama hajui. Halinitoshi. Wapo wanaogusa gauni kwanza kuhakikisha si kitambaa. Kwa sekunde hiyo wamedanganyika kabisa. Wakigundua, wanacheka, wanaliangalia tena kwa karibu. Kipimo changu kimekuwa hicho: udanganyifu wa mchoraji huongezeka thamani siku unapofichuka. Wangu unaishi kwa kufichwa tu.

Nimejitetea sana kwamba furaha ya mama ni ya kweli. Ni ya kweli, sikatai. Ila anamfurahia yule wa pichani. Huyu anayelipa kodi kwa kuandikia watu makala, wakati mwingine kwa kuchelewa, sijawahi kumpa mama nafasi ya kumpenda, au hata ya kumkasirikia. Nilimpakia mng'ao, giza nikalibakisha Nairobi.

Kisanamu nimekiosha rangi yote, nikaanza upya na vivuli. Kimetoka poa. Jumapili nitakuwa nyumbani, nitakibeba mfukoni. Namjua mama: atauliza gauni limeshonwa kwa kitambaa gani. Nitamwambia ni rangi tu, na nitamwacha aligeuzegeuze mpaka aridhike.

Halafu nitamwomba aiteremshe ile picha ukutani, tuiangalie pamoja.